Cherehani ya Picha

Mwenzangu, ndiyo nimetoka kwenye sherehe ya klabu yetu ya misaada. Nimechefukwa, sina hamu!

Mpwa wangu si kamaliza yale mafunzo ya ushonaji? Kaitwa mbele, kakabidhiwa cherehani mpya yenye utepe mwekundu. Kapiga magoti, kashukuru. Makofi, picha, vigelegele.

Wageni walipoondoka tu, mwenyekiti akamwambia dereva, "Pakia hiyo cherehani. Kesho tunamkabidhi msichana mwingine."

Hiyohiyo! Na utepe wake!

Nikamuuliza, "Na huyu mtoto?" Eti, "Dada, hiyo ni ya picha. Wafadhili wanapenda kuona tabasamu."

Tabasamu! Mtu mzima, hana hata haya!

Mpwa wangu ndiye aliyemfuata mwenyekiti hadi garini. "Basi mzee, nirudishie asante yangu."