Korongo Wamechelewa Lukenya

Jumatatu, 31 Machi 2025

Mvua ilikatika alfajiri. Nilipanda mwamba ulio nyuma ya nyumba, darubini shingoni, magoti yakilalamika. Ukungu juu ya Lukenya. Mbayuwayu wanapita chini chini, wote wanaelekea kaskazini, hakuna anayepumzika. Kozi wachache kwenye nyaya za umeme. Korongo — hakuna. Mwaka jana wakati kama huu uwanda wote wa kuelekea Kinanie ulikuwa mweupe kwa wingi wao.

Niliposhuka nilimkuta Kamanthe langoni. Ni mjane wa mdogo wangu. Shamba lake na langu hutenganishwa na safu ya mikonge tu. Alishika jani la mahindi lililotobolewa hata likawa kama chujio. Viwavijeshi! "Shemeji, wameingia. Ndolo amesema kesho atanipatia pampu ya dawa." Ndolo ni jirani yetu wa upande wa pili.

Nilimkataza. Nilimweleza kwamba korongo wako njiani kutoka kusini, kwamba kundi moja likitua husafisha shamba kwa siku moja, na kwamba dawa ile haichagui: huua kiwavi, kisha humuua anayemla kiwavi. "Wewe ndiye umesoma," akasema, akaenda zake.

Katika ukoo wetu neno la mkubwa wa nyumba halijibiwi mara mbili. Mkubwa wa nyumba ni mimi.

Jumatano, 2 Aprili

Mawingu. Kitwitwi mmoja kando ya bwawa, peke yake. Hakuna korongo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mire, mchuuzi wa mbuzi, alipita kunywa chai akienda Tala kununua mbuzi. Huyu huzunguka kuliko ndege wenyewe. Aliingia akipiga kelele: "Mzee! Wale ndege wako nimewaona Kajiado, wallahi. Wengi kama kondoo wa mnadani. Wanakula panzi tu, hawana haraka."

Nilimwuliza wataondoka lini.

"Mimi nauza mbuzi, mzee. Sikati tiketi."

Nilicheka — mara ya kwanza wiki hii. Nikavuka mikonge papo hapo kumwarifu Kamanthe. Jua likiwaka, nilimwambia, kutoka Kajiado mpaka hapa ni safari ya nusu siku. Aliuliza: na wakipitia njia nyingine? Nilimjibu kwamba hawapitii njia nyingine. Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani. Sasa ni jioni, na sauti ile hainipendezi.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada wanaume walisimama nje ya kanisa kama kawaida. Ndolo aliniona. "Mwalimu! Jeshi lako limekwama wapi? Ama wanangoja nauli?" Wakaangua kicheko. Ndolo amekwisha kupiga dawa kwake. Mahindi yake yamesimama. Kamanthe alikuwa karibu na alisikia. Hakucheka.

Njiani alinieleza taratibu, bila kunitazama. Kipande cha juu kimekwisha, yamebaki mashina. Kimebaki cha chini, na hicho ndicho chakula cha mwaka, kwa kuwa mbuzi wake aliwauza wakati wa ukame. "Shemeji, mimi siwezi kupika ndege."

Nilimwomba anipe hadi Alhamisi. Mimi — kuomba! Alikubali kwa kichwa tu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kutwa. Korongo hawasafiri katika mvua. Huhitaji hewa ya moto iwainue.

Niliingia katika kipande cha chini mvua ilipopumzika. Ukisimama kimya unawasikia wakila. Sauti ndogo, ya pamoja, haikatiki. Nilianza kuwaokota kwa mkono na kuwakanyaga. Mstari mmoja haukwisha kabla mgongo haujanishinda. Kamanthe alinitazama kutoka mlangoni mwa jiko lake.

Jumatano, 9 Aprili

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Nilijua kabla ya kuvaa viatu.

Ndolo alikuwa anamaliza mistari ya mwisho, pampu mgongoni, kitambaa puani. Kamanthe alikuja akasimama mbele yangu, mikono ndani ya leso. "Sikukuuliza, shemeji. Ningekuuliza ungekataa, na ukikataa mimi siwezi kukupinga."

Hasira ilinipanda, kisha ikaniacha nimesimama. Alisubiri kwa neno langu na neno langu limemlia nusu ya shamba. Nilimwambia amefanya vyema. Akafuta macho. Ndolo, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. Alisema tu mbuzi wa watu wasiingie humo wiki mbili.

Viwavi wanaanguka kutoka majanini, wanajikunja juu ya udongo. Ardhi nzima inatembea. Mlo rahisi kwa ndege yeyote.

Mbingu zimetakata. Jua kali.

Siku hiyo hiyo, alasiri

Wamefika.

Naandika ukingoni mwa shamba, nimekaa juu ya jiwe, Kamanthe ameshika zamu. Nilimwona wa kwanza juu ya Lukenya saa tisa, kisha wakawa gurudumu zima, linazunguka, linashuka. Ndege wazuri! Nimewangoja tangu Machi. Nikavua koti nikakimbia katikati ya mahindi nikilipunga na kupiga kelele kama mwendawazimu.

Walipaa. Wakazunguka. Wakarudi.

Ndolo alifika mikongeni na watu wake. "Haya, mwalimu amewaita mwezi mzima, leo anawafukuza!" Kamanthe alimgeukia: "Cheka huku mikono yako ikifanya kazi." Akatwaa debe na mwiko, akaanza kupiga. Ndolo akaenda ukingo wa pili, anapiga makofi. Kipande chake hakina mtu wa kukilinda, nacho kilipigwa dawa wiki iliyopita.

Wamekonda. Naona kwa darubini. Wakiondoka na njaa hawatafika kaskazini. Wakila hapa hawatafika.

Saa kumi na moja. Jua linapungua, hewa ya moto imekwisha. Tukiwafukuza sasa hawapai tena. Wanaruka mistari miwili, wanatua, wanatutazama. Hawatuogopi. Mmoja ameinamisha mdomo karibu na mguu wa Kamanthe, na Kamanthe amelia, "Shemeji, huyu haendi!" huku akipiga debe juu ya kichwa cha ndege huyo.

Mkono wa kulia hauinuki. Nitashika koti kwa wa kushoto.