Asante kwa Kununua

Rumonge, Jumapili

Mwanangu Qais,

Amahoro huko Ubelgiji. Huku mvua imeanza, ndagala za ziwani hazikauki, na dada yako Manar anakusalimia.

Juzi nilikuwa nageuza ndagala uani, nikasikia wanawake wanakuja wakilia. Walikuwa wa Minago, wamebeba unga wa muhogo na bidoni za mawese. Nikafunga kitambaa changu haraka, nikatoka kuuliza: "Nani amefariki?" Hadija, aliyekuwa mbele yao, aliponiona alipiga ukelele akaanguka chini.

Nilikuwa nimefariki mimi! Wanaume wao walikuwa wameshafika makaburini, na mjomba wako Shabani tulimkuta ndani ya kaburi langu akichimba, limemfika kiunoni.

Manar ndiye aliyepata chanzo. Kwenye lile duka la mtandaoni unakouzia nyimbo zangu za harusi, mnunuzi mmoja amenipa nyota tano, halafu akaandika kwa utani: "Wimbo wa nne ulimtoa mwimbaji roho. Tumemzika akiimba bado." Watu wakatumiana kwenye simu mpaka maneno yakafika Minago, na utani ulikuwa umekwisha njiani.

Huyo simkasirikii, hanijui. Lakini Manar alinisomea na yaliyo chini. Maneno hayo yako pale tangu mwezi uliopita, na chini yake umejibu wewe: "Asante kwa kununua. Karibu tena."

Hadija alisikia tu, akaja analia. Wewe ulisoma, Qais.

Mama yako, niliye hai,
Hindu