Mwanamke wa Dirisha la Juu

Kambi ya reli, Wyoming
4 Mei 1873

Mke wangu Lavinia,

Habari za huko? Mimi mzima, ila mgongo unauma, na ndevu zangu nyekundu zimegeuka kijivu kwa vumbi.

Sitazunguka. Mpishi wetu Hiram alikwenda kuchukua unga, treni ikasimama huko kwetu Plum Fork. Jana alitangaza mbele ya kambi nzima, sufuria ya maharage ikiwa katikati: "Jotham, wewe unapigilia reli, mwenzio anatundika mapazia! Nimemwona mkeo kwa Peddicord, dirisha la ghorofani, na shali lake jekundu. Nikampungia mkono, hata hakushtuka!"

Wakacheka mpaka wakamwaga kahawa. Peddicord ana duka na viatu vinavyong'aa. Mimi nina sururu. Umehamia kwake lini?

Mumeo,
Jotham

Plum Fork, Nebraska
15 Mei 1873

Mume wangu,

Pole na mgongo, upake mafuta ya bata. Mimi sina ugonjwa, nina hasira.

Ghorofa gani? Umeusahau mtaa wetu? Duka la Peddicord ni chumba kimoja, kama la kinyozi, kama bucha. Mbele kasimamisha ukuta wa mbao ili lionekane refu. Nyuma yake ni paa na njiwa. Dirisha limechorwa. Pazia limechorwa. Nami nimechorwa.

Mchora vibao alitaka uso wa mwanamke. Nikakaa kitini siku tatu, barabarani, mchana kweupe. Kinyozi akipiga kelele toka ng'ambo: "Bibi Lavinia, usikohoe, utatoka na midomo miwili!" Nikapewa kitambaa cha gauni. Na nikwambie kweli, nilifurahi kutazamwa. Ni miaka miwili sasa tangu uondoke.

Dirisha la pili bado tupu. Peddicord anataka achorwe yeye, na kidevu chake laini kama yai. Nimemwambia mchoraji asubiri, mwanamume wa pale ni wangu, mwenye ndevu. Mchoraji anaondoka Jumamosi, tarehe 31. Njoo ukae kitini. Usipokuja, basi, nimechoka kumzuia Peddicord.

Mkeo,
Lavinia

Kambi ya reli
16 Juni 1873

Mke wangu,

Natumaini u mzima. Kambi ilihama mara mbili, barua yako ikitufuata nyuma. Nimeipata leo. Niliona aibu, nikafunga mzigo papo hapo.

Kisha Hiram akarudi na unga. Anasema sasa madirisha yote mawili yana watu. Nikamkamata shati: "Huyo mwanamume yukoje?"

"Niachie, bwana! Jua lilinipiga machoni. Nimeona kofia tu."

Mzigo uko mlangoni mwa hema. Ila kabla sijapanda treni, nijibu neno moja tu, Lavinia. Ana ndevu, au hana?

Mumeo,
Jotham