Kinyesi cha Mbwa Ishirini

4 Machi

Mwanangu, Daktari wa Minyoo,

Salamu zangu zitangulie, sanduku la barafu lifuate. Natumaini u mzima na bado unakula kwa mkono, si kwa koleo la maabara. Huku hatujambo. Bintiyo Chiriku anaongea tangu afumbue macho mpaka usingizi umkate katikati ya neno. Amekusalimu mara tatu wakati naandika mstari huu, nami nimechagua moja ya kukutumia.

Sasa kazi. Ulimwomba baba yako kinyesi cha mbwa ishirini wanaozurura nyuma ya machinjio yetu, kila mbwa na kichupa chake, ili muone wana minyoo gani. Kwa mtu aliyezunguka bandari zote na kuamua ugomvi wa mabaharia wenye visu, hicho ni kibarua cha asubuhi moja. Vichupa vyote vimejaa, nimevibandika namba kwa mkono wangu, na dereva wa gari la nyama anakuletea pamoja na barua hii. Wachunaji wenzangu walinicheka, eti mzee ameacha kisu anaokota mavi. Nikawaambia wacheke taratibu, maana mavi haya yanakwenda kusoma kuliko watoto wao.

Mwambie Profesa wako, akitaka ya simba, aseme mapema tu.

Jemadari naye anakusalimu kwa mkia. Amelala juu ya miguu yangu, mzito kama gunia, na Chiriku amelala juu ya Jemadari.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, usingizi ndio sina. Mbusu Chiriku kwa niaba yangu, umwambie jino likitoka asilimeze.

Vichupa vimefika na vimepimwa. Baba, vyote ishirini vina mayai ya tegu. Si tegu yule mrefu unayemjua. Huyu ni mdogo kama chembe ya mchele iliyovunjika, anaishi kwenye utumbo wa mbwa kwa maelfu, na mbwa mwenyewe anaweza asikohoe wala kukonda. Profesa alipoona matokeo alivua miwani, akaifuta, akaniambia nirudie. Nikarudia. Hajawahi kuona mahali ambapo kila mbwa anaye. Ameshawapigia wakubwa wa mifugo, na wao wanazungumza habari ya kupiga risasi mbwa wote wa mtaa.

Kwa hiyo nakuuliza kabla mambo hayajakwenda mbali: kila kichupa kilitoka kwa mbwa wake?

Na jambo la pili, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Mayai hayo hukaa kwenye manyoya ya mbwa, kwenye ulimi wake, kwenye udongo anapolala. Mtu akiyameza, yanatoboa utumbo na kwenda kwenye ini au mapafu, na huko yanajenga kifuko cha maji kinachokua polepole, bila maumivu, miaka na miaka. Ng'ombe na kondoo nao hupata vifuko hivyo, na mbwa akila ini lenye kifuko ndipo anapompata tegu. Chiriku anacheza na mbwa wa machinjioni? Nijibu kwa simu, baba. Nimepiga, hupokei.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Salamu na heshima zote za kitaalamu. Sisi wazima, tena wazima wa kupindukia. Simu yangu inasumbua, inaita yenyewe na kunyamaza yenyewe kama mke aliyenuna, ndiyo maana naandika.

Umeniuliza swali la kunivunjia heshima, nami nimelisamehe kwa sababu umechoka. Mbwa walikuwa ishirini. Mmoja mweusi, mmoja wa madoa, mmoja ana sikio moja, mmoja anachechemea, na wengine wa rangi mbalimbali za mbwa. Nikikuelezea wote barua itakuwa nzito, dereva atanitoza kama mbuzi.

Chiriku hachezi na mbwa wa machinjioni. Hilo naapa.

Ila kuna jirani yangu hapa, mtu mzima, mwenye akili zake, ameniomba nikuulize maana anajua nina mwanangu mtaalamu. Yeye ana mbwa wa nyumbani, msafi kabisa. Sasa huyo jirani anauliza, mbwa wa nyumbani naye anaweza kuwa na kitu hicho? Na kama kuna mtoto mdogo ambaye amezoea kulambwa uso na mbwa huyo, na kumtia mkono mdomoni, na kula biskuti nusu kwa nusu, je, huyo mtoto ataonekana vipi? Ataumwa tumbo? Maana mtoto wa jirani jana alisema tumbo linamuuma, halafu akala sahani mbili. Jirani hajalala tangu hapo. Anamsikiliza mtoto akipumua.

Na hao watu wa risasi, wanapiga mbwa wa mtaani tu, au na wa ndani ya nyumba?

Mjibu jirani haraka, ni mtu mzuri.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Huku nilipo si kwema, nami sitakuficha.

Kinyesi cha mbwa hakina minyoo tu, kina na mbwa mwenyewe ndani yake, yaani vinasaba vyake, alama anayozaliwa nayo kila kiumbe. Profesa aliniambia nivipime. Vichupa ishirini, baba. Mbwa mmoja.

Mbele ya watu wote Profesa aliniuliza nani aliyekusanya. Nikasema baba yangu. Akasema, "Basi mpe pongezi, mbwa wake ana tumbo la kazi." Watu wakacheka. Wakubwa wa mifugo wameambiwa waache risasi zao, na mimi nimeambiwa nikae pembeni ya utafiti mpaka jambo hili liishe. Lakini hayo yataisha yenyewe. Hasira zangu nimezimaliza chooni, sasa nimebaki na woga.

Jirani yako ni wewe. Simu hupokei kwa sababu sauti yako haijui kudanganya, mkono wako ndio unajua. Mbwa ni Jemadari, na mtoto ni mtoto wangu.

Nisikilize sasa. Hakuna atakayempiga Jemadari. Ndani ya bahasha kuna vidonge, mpe ndani ya mnofu, na kinyesi chake cha siku zinazofuata kichomwe moto chote. Ni hivyo tu, baba. Umemficha mbwa asiuawe kwa ugonjwa unaotibiwa kwa vidonge.

Chiriku mpeleke hospitali apigwe picha ya tumbo, ile ya mashine ya kupaka mafuta. Usimwogopeshe. Usimwambie hata mimi ninaogopa. Na daktari mwambie habari za mbwa, asipojua atatafuta kitu kingine.

Andika siku hiyohiyo.

Mwanao

22 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nianze na lile unalotafuta kwa macho: Chiriku hana kitu. Narudia, hana kitu. Ini safi, picha ya kifua nayo inasema mapafu safi, tumbo lina biskuti tu. Sasa kaa chini usome yaliyobaki.

Kweli mbwa alikuwa mmoja. Nilikwenda nyuma ya machinjio na vichupa vyako, nimevaa glavu kama waziri. Yule mwenye sikio moja akanitazama. Akaja na wenzake. Mwanangu, nilipanda kwenye kichanja cha kukaushia ngozi mbele ya wachunaji wote, na suruali ikabaki chini na mbwa. Nikashinda pale juu mpaka msimamizi alipokuja na fimbo. Niliporudi nyumbani, Jemadari alikuwa amekaa uani, mkarimu, hana kinyongo na mtu. Nikasema mbwa ni mbwa.

Na maini nilimpa mimi. Yale yenye vifuko vya maji, ambayo mkaguzi wa nyama huyatupa kwenye shimo. Niliona ni chakula kinapotea. Kila jioni nilimletea ini lake kwenye karatasi, na Chiriku alikuwa anamfungulia. Hilo ninalimeza kila ninapomtazama mtoto, na halishuki.

Hospitali Chiriku aligoma. Alishika mwimo wa mlango, akasema kile kitanda ni cha watu wanaokufa. Nikamwambia, tazama babu. Nikavua shati, nikapanda mimi kwanza. Yule kijana wa mashine akanipaka mafuta yake ya baridi, nami nikawa namchekesha mtoto, nasema ananipaka siagi anile. Kijana naye anacheka, anasogeza kidude chake tumboni, anatusimulia habari za mpira. Halafu mpira ukaishia katikati. Akasogeza tena. Akatoka, akarudi na daktari, wakatazama kioo wote wawili, hawakunitazama mimi.

Chiriku akaona babu hajafa, akapanda. Yeye ndiye hana kitu.

Mimi wanasema nina jipu ndani ya ini, kubwa kama ngumi yangu, na ngumi yangu unaijua. Jambo dogo. Ijumaa daktari atanitoboa kwa sindano ndefu, usaha utoke, nirudi nyumbani kula. Habari za mbwa sikumwambia. Alikuwepo muuguzi mmoja, mke wa mchunaji mwenzangu, na hadithi ya kichanja na suruali imeshazunguka mji mara mbili. Na kwa vile mtoto ni mzima, sikuona haja.

Jemadari amemeza vidonge. Chiriku nimemkataza kumgusa, wanatazamana kupitia dirishani kama wachumba.

Baba yako

26 Aprili, ujumbe wa simu

Baba barua yako imefika sasa hivi. Gari lilimharibikia dereva njiani. Usichomwe sindano. Si jipu.

Baba ni kifuko cha tegu. Kikitobolewa bila dawa, yale maji yakimwagika tumboni, mwili unaweza kuzima palepale kitandani. Mwambie daktari habari za mbwa.

Baba pokea.

Napiga hospitali, inaita tu.

Baba ni mimi. Pokea simu, hata ukitaka kunidanganya, nidanganye.

27 Aprili

Mwanangu,

Daktari alikupigia jana, kwa hiyo unajua niko hai, na kelele ulizopiga zimesikika hadi chumba cha sindano. Salamu tuziache. Nakuandikia yale ambayo kwa simu yalinikwama.

Simu yangu ilikuwa kwenye suruali, na suruali ilikuwa kwenye kabati la wagonjwa. Sikuona ujumbe wako hata mmoja. Nililala chali, wamenipaka dawa ya rangi ubavuni. Daktari akaitoa ile sindano kwenye karatasi yake, ndefu, mwanangu, ya kushonea magunia. Nikatoa mzaha wangu. Nikamuuliza kama anataka kunishona au kunichoma mishikaki. Hakuna aliyecheka, maana hata mimi sauti ilitoka nyembamba, si yangu. Akaweka vidole viwili ubavuni akitafuta mahali. Hapo nikashika mkono wake. Sikuamua kuushika, nilijikuta nimeushika. Nikamwambia, "Daktari, ngoja kidogo, ninaogopa."

Akaniuliza ninaogopa nini. Nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikamwambia mbwa, vichupa, maini, mwanangu wa maabara, kichanja, suruali. Yule muuguzi yupo pale anasikia yote. Nilipofika kwenye maini daktari aliirudisha sindano kwenye sinia taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Akakaa kwenye kiti. Akafuta jasho yeye, si mimi. Akasema, "Mzee, tungekuua."

Muuguzi hakucheka. Alinifunika shuka mpaka shingoni.

Sasa nimeanza vidonge, na wameniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya huko kwenu, kuna watu wanaojua kutoa kifuko hicho bila kukipasua. Daktari anasema wengi wanapona. Nilimuuliza wengi ni wangapi, akasema wengi. Jumatatu tunakuja na gari la nyama, mimi na Chiriku. Jemadari anabaki kwa msimamizi wa machinjio, ameahidi hatampa ini.

Mwambie Profesa nitampa damu, picha, kifuko chenyewe akitaka, aweke kwenye kichupa. Hicho ni cha kwangu kweli, hakuna udanganyifu. Mbele yake nitajikaza, nitamsimulia bandari moja mbili.

Lakini usiku huu nimemtazama Chiriku akilala nikajiuliza nani atamwambia kama sitatoka hai. Kwa hiyo tutakapofika kwenye ule mlango wa chumba cha upasuaji, usinitanie, na usiniambie ni jambo dogo. Nishike mkono mpaka wakufukuze. Wakikufukuza, usiende mbali.

Baba yako