Zulia Lililoangalia Mlango

Mama Clifford wangu wa Doha,

Hapa mtaani Jamhuri tu wazima, ila mapishi yangu bado ni aibu. Zulia ulilotaka nimelipata mjini kwa Hanif muuza mazulia: sufu tupu, kijani, mafundo ya mkono mtindo wa Kituruki. Dukani lilikuwa kama majani machanga. Nilipolitandika sebuleni na kukaa kitini pangu, likawa jeusi kama sukuma wiki niliyopika mimi. Nikampigia Hanif kulalamika.

"Mzee, nyuzi zimelalia upande mmoja," akacheka. "Ukiwa huku linang'aa, ukiwa kule rangi inakuwa nzito. Ligeuze ulione vizuri."

Clifford ameniambia umeongeza mkataba wa kazi huko miaka miwili. Najua ulikuwa unatafuta maneno ya kuniambia. Hata ulipovunja redio yangu ulikaa wiki nzima kabla ya kukiri. Sina hasira, Mercyline. Nina hamu nawe tu, na nyumba hii imekuwa kubwa.

Zulia sijaligeuza. Mimi nitaangalia sukuma yangu hiyo miaka miwili. Anayeingia mlangoni ndiye anayeona majani machanga, nawe utaingia kwa mlango huo.

Wako anayezidi kunenepa,
Zadock