Sauti ya Mama na Maziwa ya Jirani

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na Kibonge, ameshaota meno? Sisi huku wazima, ila goti la mama linamsumbua akikanyaga cherehani, na mimi nakuandikia huku nikipiga chafya.

Najua umenuna. Wiki tatu hujampigia mama, tangu ulipoandika kwenye kundi la familia kwamba ni mwongo sawa na aliyetunga ule uzushi wa maziwa. Neno lile lilimchoma.

Unamjua mama, kuandika kwenye simu hawezi, kila kitu anarekodi. Alipopata ujumbe kwamba jirani yetu muuza maziwa anatia dawa ya kuhifadhia maiti, aliusoma kwa sauti, akaongeza, "Jamani wanangu, msiwape watoto!" Aliamini, akaogopa. Watu nao wakaamini kwa kuwa ni sauti yake, ikazunguka mtaa mzima. Kufikia jioni jirani alikuwa anamwaga maziwa mtaroni.

Sasa sikiliza. Aliyeutunga ni yule mwenye duka jipya la maziwa ng'ambo ya barabara. Mfanyakazi wake roho ilimsuta, akatuonyesha kwenye simu yake ule ujumbe na maagizo aliyopewa siku ya kwanza ya kazi: "Sambazeni kabla sijafungua." Huyo alijua maziwa ni safi. Mama hakujua. Wote wamemuumiza jirani, sikatai, na mama angeweza kuvuka tu barabara akauliza. Lakini yeye alidanganywa, mwenzake alidanganya kwa makusudi. Usiwatie kapu moja.

Yule wa ng'ambo anauza, anacheka. Mama alirekodi kuomba radhi, na hiyo hakuna aliyeisambaza. Basi kila asubuhi anachechemea hadi kwa jirani, anasimama mlangoni watu wamwone, anakunywa glasi nzima. Mama huyuhuyu ambaye maziwa humvuruga tumbo tangu ujana! Nimemkanya, hasikii. Jana wateja walikuwa wanne, yeye akiwa mmojawapo.

Binamu kinyozi anakusalimu sana. Nisalimie mkeo, umbusu Kibonge. Mola awafunike kwa rehema zake, na wewe akulainishe huo moyo.

Simu ya mama iko juu ya cherehani, mlio wa juu kabisa. Ikiita anaacha mshono katikati, anatazama ni nani, kisha anaendelea kushona. Mpigie.

Dada yako, akupendaye hata ukinuna.