Doa la Bluu kwenye Sahani

Chumba cha tanuri,
Jumanne, saa tisa mchana.

Mpendwa Shangazi,

Nimesema, na sijafukuzwa! Haya, shikamoo kwanza. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, mikono tu ndiyo myeusi kwa unga.

Hapa maabara tunatengeneza kidude cha kauri, kama kifuniko cha soda. Ukikipasha moto mpaka kiwe chekundu, upande mmoja unavuta hewa, mwingine unapewa gesi, umeme unatoka. Moshi hakuna. Mpaka leo nashangaa. Upande wa hewa watu huupaka unga wenye kobalti. Ghali, halafu ukipata moto unavimba kuliko kauri, unabanduka. Bosi wetu, yule mama niliyekwambia, miaka mitatu anatafuta unga wa chuma usio na kobalti hata chembe. Mimi ndiye ninayeusaga na kuuchoma.

Wiki iliyopita kidude kimoja kikatoa umeme wa ajabu. Watu wakashangilia, Bosi akaanza kuandika ripoti. Mimi nikabaki naikodolea macho sahani nyeupe tunayokiwekea tanurini. Ina doa la bluu. Hiyo bluu naijua, ni kobalti ikiungua juu ya sahani zile. Sasa imetoka wapi?

Nikachungulia kinu changu. Kina ufa, mwembamba kama unywele. Nikachokoa kwa sindano, ukatoka unga mweusi wa zamani, ule wenye kobalti. Na kila siku nakiosha, Shangazi, haki ya Mungu!

Siku mbili nikawa nameza mate tu, si unanijua. Ikabaki siku moja ripoti iondoke, na kosa langu limo ndani. Nikajikaza, nikampelekea Bosi sahani, nikamweleza. Mwanafunzi wake, tunamwita Miwani, akacheka, "Mpishi wa tanuri naye siku hizi profesa?" Bosi akaigeuzageuza sahani. Akaifuta ripoti. Akaniambia, "Kazi yako ipo. Kisicho na kazi tena ni hicho kinu."

Tumesaga upya, kinu kipya. Safari hii sahani imetoka nyeupe pe! Ila umeme ukiwa kidogo, miaka mitatu ya Bosi imekwenda na maji. Naogopa, lakini hamu ya kujua imeuzidi woga.

Nisalimie Babu, mapacha na yule Bonge wetu. Mungu akunyooshe mgongo, ucheke na majirani.

Lazima niondoke, Miwani amegonga mlango. Kidude kimeshakuwa chekundu, na Bosi amekataa kuwasha mita ya umeme mpaka nifike.

Wako akupendaye,
Kimya wako